Jumla Isiyosema Kweli: Uchunguzi wa Seli Zisizolingana katika Betri za Lithiamu

Chini ya mji wa Moshi, pale miteremko ya Kilimanjaro inapokwisha na nchi kuwa tambarare, ndipo ilipo Kahe. Maji yaliyonyesha mlimani huibuka huku katika chemchemi na mito, na si mbali na hapo yameenea majaruba ya mpunga ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa ushirikiano na Japani. Mkulima wa sehemu hizi anafahamu jambo ambalo linamfaa pia mwanafunzi wa fizikia, nalo ni hili: kujaa kwa mfereji mkuu si ushahidi kwamba kila jaruba limepata maji. Anayetaka kujua hali ya shamba hana budi kulitazama jaruba moja moja.

Kanuni hiyo ndiyo msingi wa somo hili juu ya betri za lithiamu-polima. Betri hizi ni nyepesi, nazo hutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi. Ndizo zinazoendesha magari na mashua za mfano, vyombo vingi vya kujifunzia ufundi, na ndege ndogo zisizo na rubani ziitwazo droni. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar ilianza kutumia droni kupiga picha za Unguja na Pemba kwa ajili ya ramani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki katika kazi hiyo. Mwaka 2019 droni ilitumika katika majaruba ya Cheju, Unguja, kunyunyizia kimiminiko cha kuzuia viluwiluwi vya mbu kukua. Kazi za namna hiyo zaweza kufanyika pia katika mashamba ya mpunga ya Kahe na jirani zake, kwa vibali vya mamlaka zinazohusika.

Lakini betri hizi zina ugonjwa mmoja unaojulikana sana, yaani seli zake kuacha kulingana. Mwenye betri huona tu kwamba nguvu zinakwisha mapema. Mmoja huitupa betri ambayo ingeweza kutengenezwa kwa saa chache. Mwingine huendelea kuitumia betri ambayo ilistahili kuachwa, na hatimaye huwaka moto ndani ya ghala la shule. Makosa haya mawili yana chanzo kimoja: kupima jumla ya betri na kutoipima kila seli.

MUUNDO WA SELI

Seli moja ya lithiamu-polima ina karatasi mbili nyembamba za metali. Ile ya alumini imepakwa oksidi ya lithiamu na kobalti, nayo ndiyo ncha chanya. Ile ya shaba imepakwa grafiti, nayo ndiyo ncha hasi. Kati yake kuna utando wa plastiki wenye vitundu vidogo mno, uliolowana elektroliti. Seli inapochajiwa, ioni za lithiamu hutoka katika oksidi, hupita katika utando na kujipenyeza baina ya tabaka za grafiti. Seli inapotumika, ioni hurudi zilikotoka, nazo elektroni huzunguka kwa njia ya waya wa nje na kufanya kazi.

Elimu hii ina historia. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake, katika chuo kikuu cha Oxford, walionyesha kwamba oksidi ya lithiamu na kobalti inafaa kuwa ncha chanya. Mwaka 1985 Akira Yoshino wa Japani alitengeneza seli iliyotumia kaboni upande wa pili badala ya metali tupu ya lithiamu. Kampuni ya Sony ilianza kuuza betri za namna hiyo mwaka 1991, na mwaka 2019 Goodenough, Yoshino na Stanley Whittingham walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Afrika pia ina fungu lake katika jambo hili, kwa kuwa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nayo ardhi ya Mahenge, mkoani Morogoro, ina akiba kubwa ya grafiti.

Seli ya lithiamu-polima iliyojaa ina volti 4.20. Volteji yake ya kawaida huandikwa kuwa 3.7. Inapokuwa kazini haifai ishuke chini ya volti 3.0, na watumiaji wengi waangalifu hukomea 3.3. Mipaka hii si ya hiari. Seli ikipita 4.20, oksidi hupoteza uthabiti wake, elektroliti huanza kuvunjika na kutoa gesi, na metali ya lithiamu yaweza kujitanda juu ya grafiti. Seli ikishuka mno, shaba huanza kuyeyuka ndani ya elektroliti; ikichajiwa tena, shaba hiyo huganda mahali isipotakiwa na kuunganisha ncha mbili kwa ndani. Betri za risasi na asidi zinazotumika katika magari huvumilia kuchajiwa kupita kiasi kwa muda, kwani ziada hugeuka kuwa hidrojeni na oksijeni kutokana na maji yaliyomo. Seli ya lithiamu haina mlango wa namna hiyo wa kutolea ziada.

SELI ZILIZOFUATANA

Betri ya volti 11.1 ina seli tatu zilizounganishwa kwa mfuatano, yaani ncha chanya ya moja imeshikana na ncha hasi ya inayofuata. Katika saketi ya mfuatano mkondo ni ule ule kila mahali. Kwa hiyo kiasi cha umeme kinachotoka katika seli ya kwanza ndicho kinachotoka katika ya pili na ya tatu. Hakuna seli inayoweza kuisaidia nyingine.

Mfano wa madebe utaeleza jambo hili. Yawekwe madebe matatu, na kila mara kikombe kimoja kichotwe katika kila debe kwa pamoja. Madebe yakiwa na maji sawa, yote yatakwisha wakati mmoja. Lakini kama debe la tatu lilikuwa na upungufu wa vikombe vitano, litakauka mapema, hali yale mengine yangali na maji. Katika betri, seli iliyokauka haiachwi ipumzike; mkondo wa zile mbili huendelea kupita ndani yake na kuisukuma chini ya kiwango cha salama.

Katika kuchaji, mambo hugeuka. Vikombe humiminwa kwa idadi sawa katika kila debe, na debe lililokuwa na maji mengi hujaa kwanza na kufurika. Hivyo tofauti moja ya seli huleta madhara mawili: seli moja huumia wakati wa kutumia, nyingine huumia wakati wa kuchaji.

JINSI JUMLA INAVYOFICHA

Ichukuliwe betri ya seli tatu, nazo ziitwe A, B na C. Chaja isiyopima kila seli imewekwa isimame jumla inapofika volti 12.60, yaani 4.20 mara tatu. Ikisimama, mita inaonyesha 12.60 barabara, na mwenye betri anaridhika. Lakini vipimo vya seli vyaweza kuwa hivi: A 4.30, B 4.30, C 4.00. Jumla ni 12.60. Seli mbili zimepita mpaka wa hatari na moja haijajaa, wala mita ya jumla haikusema neno.

Vivyo hivyo katika kutumia. Kengele ya tahadhari imewekwa ilie jumla inaposhuka hadi 9.90, yaani 3.30 mara tatu. Inapolia, seli zaweza kuwa hivi: A 3.55, B 3.55, C 2.80. Jumla ni 9.90 kamili, na seli C imekwisha kudhurika. Ndiyo sababu betri hizi hutengenezwa zikiwa na plagi ya pili, ndogo, yenye nyaya nyembamba. Betri ya seli tatu ina nyaya nne: mmoja wa ncha hasi, na mmoja baada ya kila seli. Plagi hiyo ndiyo njia ya kuingia ndani na kutazama jaruba moja moja.

UMBO LA MCHIRIZI WA VOLTEJI

Kabla ya kupima, yafaa ifahamike kwamba volteji ya seli haishuki kwa mwendo mmoja. Ikichorwa grafu ya volteji kwa kiasi cha umeme uliotumika, mchirizi huanza 4.20, huteremka kwa wastani, kisha hulala karibu tambarare baina ya volti 3.85 na 3.70, na mwishoni huporomoka ghafula kama genge.

Umbo hili lina maana kubwa kwa mchunguzi. Katika sehemu ya tambarare, tofauti ya volti 0.03 yaweza kuficha tofauti kubwa ya chaji. Katika sehemu ya genge, tofauti ndogo ya chaji huonekana kama tofauti kubwa ya volteji. Kwa hiyo seli zinazolingana katikati ya safari si lazima zilingane kweli. Na seli zinazotofautiana sana mwishoni si lazima ziwe zimeharibika. Kipimo kinachoaminika zaidi ni kile kinachochukuliwa betri ikiwa imejaa na imepumzika saa moja. Hapo, betri yenye afya huonyesha tofauti isiyozidi volti 0.01 hadi 0.03 kati ya seli. Tofauti ikifika 0.05 yahitaji kuangaliwa, ikipita 0.10 yahitaji uchunguzi kamili.

VYANZO VITANO

Seli zinapoonekana hazilingani, chanzo ni kimojawapo kati ya vitano, au viwili vimekutana. Dawa hutegemea chanzo.

Kwanza ni kipimo cha uongo. Waya wa plagi ndogo umelegea au umeshika kutu, na chaja inasoma vibaya. Dalili yake ni kwamba seli mbili zinazopakana hukosana kwa kiasi kile kile: moja husomeka juu kwa 0.15, jirani yake chini kwa 0.15. Hii ni kwa sababu waya mmoja ndio mpaka wa seli zote mbili. Waya ukisema uongo, husema kwa wote wawili.

Pili ni tofauti ya chaji tu. Seli zote ni nzima na zina uwezo sawa, ila moja imebaki nyuma, pengine kwa sababu betri imechajiwa mara nyingi bila kusawazishwa. Seli hiyo husomeka chini betri ikiwa imejaa na pia ikiwa imetumika. Hii ndiyo hali inayotibika.

Tatu ni uwezo kupungua. Seli imechakaa na sasa inabeba ampea-saa chache kuliko wenzake. Dalili yake ni kwamba zote hulingana zikijaa, lakini seli hiyo huporomoka kwanza zikitumiwa. Kusawazisha hakuongezi uwezo, kama vile kujaza debe dogo hakulifanyi kuwa kubwa.

Nne ni ukinzani wa ndani kuongezeka. Seli hulingana na wenzake ikiwa imetulia, lakini mkondo mkubwa unapopita hushuka sana, na mkondo ukikatwa hurudi juu. Inapochajiwa hufanya kinyume, yaani hupanda juu ya wenzake.

Tano ni kuvuja kwa ndani. Seli husawazishwa vizuri, betri huwekwa kando bila kutumika, na baada ya siku chache seli hiyo peke yake imeshuka. Umeme umepita ndani kwa ndani, penye kasoro katika utando. Hii ndiyo hali ya hatari kuliko zote, kwani kasoro hiyo ndiyo inayoweza kukua na kuwasha moto.

HATUA ZA UCHUNGUZI

Vifaa vinavyohitajika ni mita ya umeme yenye kusoma sehemu ya mia ya volti, chaja yenye kusawazisha, na taa ya mbele ya gari ya volti 12 na wati 55. Kazi ifanyike nje au penye hewa, juu ya sakafu ya saruji au sinia la udongo, na ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu. Mwalimu awepo tangu mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya kwanza ni kutazama na kunusa. Betri iliyovimba kama mto, iliyotoboka, iliyobonyezwa kwa kuanguka, au yenye harufu tamu kama ya rangi ya kucha, uchunguzi wake umekwisha. Isichajiwe tena hata mara moja.

Hatua ya pili ni kupima kila seli betri ikiwa imetulia. Ncha nyeusi ya mita iguse waya wa kwanza na nyekundu waya wa pili. Hiyo ni seli A. Kisha wa pili na wa tatu, kisha wa tatu na wa nne. Ncha za mita zisiguse pini mbili kwa pamoja, maana mkondo wa kuunganisha hivyo waweza kuyeyusha waya. Vipimo vya mita vilinganishwe na vya chaja. Vikipishana, kosa ni la plagi au la chaja, na plagi isafishwe kabla ya jambo lingine lolote. Seli iliyokutwa chini ya volti 2.5 baada ya kupumzika, betri yake iachwe.

Hatua ya tatu ni kuchaji kwa kusawazisha. Kwa betri ya ampea-saa 2.2, mkondo usizidi ampea 2.2, na kwa betri inayotiliwa shaka nusu yake yatosha. Chaja nyingi hazina uwezo wa kuiongezea seli iliyo nyuma. Zinachofanya ni kuwapunguzia walio mbele kwa kupitisha umeme wao katika kikinza, mpaka wa nyuma awafikie. Mkondo huo ni mdogo, mara nyingi ampea 0.1 hadi 0.5. Kwa hiyo kusawazisha kwataka subira. Ikiwa A na B zimejaa, na C ina volti 3.95, basi C imepungukiwa kiasi cha robo ya uwezo wake, yaani karibu ampea-saa 0.5. Kwa chaja inayosawazisha kwa ampea 0.2:

muda = 0.5 ÷ 0.2 = saa 2.5

Watu wengi husema betri yao imekataa kusawazika, kumbe wameiondoa katika chaja baada ya nusu saa.

Hatua ya nne ni kupumzisha. Betri iliyosawazishwa ipunguzwe hadi karibu volti 3.85 kwa kila seli, ipimwe, vipimo viandikwe daftarini pamoja na tarehe, kisha iwekwe wiki moja mahali pa salama. Ikipimwa tena, seli zote zikiwa zimebaki pamoja, hakuna kuvuja. Seli moja ikiwa imeshuka peke yake kwa volti 0.03 au zaidi, hiyo inavuja. Na kwa kuwa kipimo hiki kiko katika sehemu ya tambarare ya mchirizi, upungufu huo mdogo wa volteji ni upungufu mkubwa wa chaji. Betri ya namna hiyo isitumike tena.

Hatua ya tano ni kupima chini ya mzigo. Taa ya gari iunganishwe na plagi kubwa, na kila seli isomwe taa ikiwa imezimwa na ikiwa inawaka. Tuseme mkondo ni ampea 4.5. Seli A imeshuka kutoka 3.90 hadi 3.86, B vivyo hivyo, lakini C imeshuka kutoka 3.90 hadi 3.76. Kwa kanuni ya Ohm, ukinzani ni upungufu wa volteji ugawanywe kwa mkondo:

seli A: 0.04 ÷ 4.5 = karibu omu 0.009
seli C: 0.14 ÷ 4.5 = karibu omu 0.031

Ukinzani wa C ni zaidi ya mara tatu ya A. Joto linalozalishwa ndani ya seli ni zao la mraba wa mkondo na ukinzani. Droni ikivuta ampea 15 hewani, seli A hutoa joto la wati 2 hivi, na seli C wati 7. Seli C itapata joto zaidi, joto litaichakaza upesi zaidi, na uchakavu utaongeza ukinzani. Huu ni mzunguko usio na mwisho mwema, na hakuna chaja inayoweza kuukata.

Taa iendelee kuwaka, na seli zisomwe kila baada ya dakika mbili hadi ya kwanza ifike 3.4. Taa hiyo huwa ya moto sana. Isishikwe wala isiwekwe juu ya karatasi. Ikiwa zote zilianza pamoja na ukinzani wao ni sawa, lakini moja imefika mwisho mapema, basi hiyo ndiyo yenye uwezo uliopungua. Betri ya namna hii yaweza kutumika bado katika kazi nyepesi ya ardhini, kama vile kuwasha taa ndogo, kwa masharti kwamba kila seli ilindwe kwa kengele yake, wala isirushwe hewani.

JOTO LA KAHE NA BARIDI YA MLIMA

Mahali pana athari katika betri. Kahe iko kiasi cha mita 700 juu ya usawa wa bahari, na adhuhuri ya miezi ya joto chumba chenye paa la bati huwa kama tanuri. Kwa jumla, kasi ya mabadiliko mengi ya kikemia huongezeka karibu maradufu joto linapozidi kwa nyuzi 10. Kwa hiyo betri inayokaa katika nyuzi 40 huchakaa kwa kasi ya takriban mara nne ya ile inayokaa katika nyuzi 20. Yenye madhara zaidi ni kuihifadhi ikiwa imejaa kabisa na katika joto kwa pamoja. Tena seli hazipati joto sawa: ya katikati imebanwa na wenzake wawili, ile ya nje hupoa. Tofauti hiyo ndogo, ikirudiwa kwa miezi, yatosha kuzitenganisha seli zilizotoka kiwandani zikiwa pacha. Betri ihifadhiwe penye kivuli, ikiwa na volti 3.80 hadi 3.85 kwa kila seli, ndani ya chungu au sanduku la bati lisilobana hewa.

Mlimani hali ni kinyume. Joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 katika kila mita 1,000 za kupanda. Ikiwa Kahe pana nyuzi 32, basi kwenye kituo cha Horombo, mita 3,000 juu zaidi, patakuwa na nyuzi 12 au 13, na usiku chini ya hapo. Katika baridi ioni hutembea kwa uzito, ukinzani wa seli zote huongezeka, na ile iliyo dhaifu hujionyesha kwanza. Betri iliyopimwa ikaonekana nzima adhuhuri ya Kahe yaweza kushindwa mlimani asubuhi. Aidha, seli iliyo chini ya nyuzi sifuri isichajiwe, kwa kuwa metali ya lithiamu hujitanda juu ya grafiti badala ya kuingia ndani yake.

MAMBO YA KUEPUKWA

Wako wanaojaribu kuiamsha seli dhaifu kwa chaja ya simu ya volti 5. Chaja hiyo haijui mpaka wa 4.20, na seli itapita bila kizuizi. Wako wanaochaji betri ya lithiamu kwa mpango wa betri za nikeli ili chaja ikubali kuanza. Chaja hukubali kwa sababu imedanganywa. Wako wanaotoboa betri iliyovimba ili gesi itoke. Hewa na unyevu huingia, na sindano yenyewe huunganisha ncha mbili. Wako wanaong'oa seli mbaya na kulehemu nyingine kutoka betri ya zamani. Seli hizo zina umri na ukinzani tofauti, na ugonjwa hurudi ukiwa mkubwa zaidi.

Betri ikianza kutoa moshi, watu waondoke kwanza. Moshi wake una gesi zenye sumu, mojawapo ikiwa floridi ya hidrojeni. Kama betri ni ndogo na iko nje, mchanga husaidia kuzuia moto usienee. Vitu vya jirani vipozwe kwa maji mengi kutoka mbali.

Betri iliyohukumiwa kuachwa imalizwe umeme wake polepole kwa taa ndogo, nje, mpaka isomeke sifuri. Ile iliyovimba au kutoboka isiunganishwe na kitu chochote, bali iwekwe nje ndani ya mchanga. Ncha zifungwe kwa utepe, kisha betri ipelekwe kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki walioruhusiwa na mamlaka ya usimamizi wa mazingira. Isitupwe katika mfereji. Maji ya Kahe hushuka katika mto Ruvu na kuingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka huko huufuata mto Pangani hadi baharini. Njiani kote wako watu wanaoyanywa na kuvua samaki.

HITIMISHO

Kutolingana kwa seli si ugonjwa mmoja bali ni dalili ya magonjwa kadhaa. Moja hutibiwa kwa kusafisha plagi, jingine kwa saa chache za kusawazisha. Matatu hayana tiba. Kinachoyatenganisha ni vipimo vitatu vya kila seli: ikiwa imejaa, ikiwa imepumzika wiki, na ikiwa chini ya mzigo. Shule yenye betri kumi na daftari moja la vipimo itazitumia kwa usalama kuliko shule yenye betri mia isiyoandika kitu.

MASWALI

1. Betri ya seli nne inasoma jumla ya volti 16.80. Seli tatu zinasoma 4.25 kila moja. Seli ya nne ina volti ngapi? Je, betri hii ni salama?

2. Seli mbili za betri zimejaa, ya tatu imepungukiwa ampea-saa 0.3. Chaja husawazisha kwa ampea 0.15. Itachukua muda gani?

3. Chini ya mkondo wa ampea 5, seli imeshuka kutoka volti 3.88 hadi 3.78. Tafuta ukinzani wake wa ndani, na joto litakalozalishwa ndani yake kwa mkondo wa ampea 20.

4. Seli ya pili inasomeka 4.35 na ya tatu 4.05, zote nyingine 4.20. Eleza ni kitu gani kichunguzwe kwanza, na kwa nini.

5. Seli moja ililingana na wenzake Jumatatu, na Jumatatu iliyofuata ilikuwa chini yao kwa volti 0.06 ingawa betri haikutumika. Betri hii ifanyweje?

Majibu ya hesabu: (1) volti 4.05, si salama, kwa kuwa seli tatu zimepita 4.20. (2) Saa 2. (3) Omu 0.02, wati 8.